"Mashine Imejaa": Tuonyeshwe Hesabu



Zamani kumbukumbu zetu zilikaa katika madaftari ya karani. Leo, viwandani na mashambani, siku za kazi, kilo za majani, mishahara na makato vimo ndani ya kompyuta. Jambo hilo si baya. Baya ni jibu wanalopewa baadhi ya wenzetu wanapodai kumbukumbu za miaka iliyopita: "Mashine ilijaa, za zamani tukazifuta." Sisi tunasema jibu hilo lisipokelewe mpaka hesabu ionyeshwe. Na hesabu yenyewe haimshindi mtu anayejua kusoma mizani.

Kwanza tutenganishe jumla na halisi. Mchuma chai anajua kwamba uzito wa kikapu hutolewa kabla kilo hazijaandikwa. Diski nazo zina kikapu chake. Tuseme kampuni ina diski 10, kila moja ya terabaiti 4. Jumla ni terabaiti 40. Lakini katika mpango wa ulinzi uitwao RAID 6, nafasi sawa na diski 2 hutengwa, ili hata diski mbili zikiharibika data isipotee. Zinabaki terabaiti 32, yaani asilimia 80 ya jumla. Hatuzipingi hizo 8 zilizotengwa. Hizo ni kinga, na kumbukumbu zetu pia zinazihitaji.

Pili tuulize: imejaa nini? Tuseme uhasibu, mauzo na kamera za ulinzi wamegawiwa terabaiti 28 kati ya 32, lakini data iliyoandikwa kweli ni terabaiti 14 tu. Mkubwa mmoja atagawa 28 kwa 32 na kusema mashine imejaa kwa asilimia 87.5. Mwingine atagawa 14 kwa 32 na kupata karibu asilimia 44. Wote wawili hawakusema uongo, ila wamepima vitu viwili tofauti. Ni kama ghala ambalo vyumba vyake vimefungwa kwa kufuli na ndani hakuna gunia. Kwa hiyo kila tukiambiwa asilimia, tuulize: asilimia ya nini, juu ya nini? Tunakubali kwamba si vizuri kuijaza mashine mpaka pomoni. Lazima ibaki nafasi ya kazi za kesho. Lakini nafasi iliyogawiwa isiitwe nafasi iliyotumika.

Tatu, matumizi mazuri. Waraka mmoja uliotumwa kwa makarani 20 unaweza kuhifadhiwa mara 20. Ziko programu zinazotambua marudio hayo na kuweka moja tu. Data ya terabaiti 14 ikiingia katika nafasi ya 7, uwiano ni 2 kwa 1, na nafasi iliyookolewa ni asilimia 50. Uwiano wa 5 kwa 1 huokoa asilimia 80, na 10 kwa 1 huokoa 90. Namba hizo zisitutie kiwi: kutoka 5 kufika 10 nyongeza ni asilimia 10 tu. Tena picha za video hazipungui sana kwa njia hii. Na asije mtu akatuambia kuwa nakala ya akiba ni marudio ya kufutwa. Nakala ya akiba ikae katika mashine nyingine, mbali na ya kwanza.

Sasa tupime mzigo wetu sisi. Chukua wafanyakazi 2,000. Kila mmoja ana mstari mmoja wa mshahara kwa mwezi, wenye herufi 500, na kila herufi ni baiti moja. Zidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka 30. Utapata baiti milioni 360, ambayo haifiki hata nusu ya gigabaiti moja. Katika zile terabaiti 32, hiyo ni chini ya sehemu moja katika 88,000. Jasho la watu 2,000 kwa miaka 30 halijazi hata kona ya ghala hilo. Basi mashine ikijaa, si sisi tulioijaza.

Kwa nini tunashikilia jambo hili? Nchini Uganda, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya mfuko wa NSSF, na mwajiri huongeza asilimia 10. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mwanachama wa miaka 45, aliyechangia miaka 10, haki ya kuomba hadi asilimia 20 ya akiba yake. Miezi ikipotea katika hesabu, atathibitisha vipi kwamba alikatwa, kama mwajiri ameifuta mistari ile?

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lipeleke madai matatu mezani. Kumbukumbu za mishahara na makato zisifutwe bila wawakilishi wa wafanyakazi kuarifiwa kwa maandishi. Mwajiri akidai hakuna nafasi, aonyeshe namba nne: jumla, halisi, iliyogawiwa na iliyoandikwa. Na kila mfanyakazi apewe karatasi yake ya mshahara, aitunze nyumbani.

Tulijifunza kusimama mbele ya mizani ili tusipunjwe kilo. Sasa tusimame mbele ya mashine hizi kwa macho yale yale.