Kiwanda Kipya, Haki Ile Ile

Yako mambo yatokeayo mbali ambayo yampasa mfanya kazi wa kila nchi kuyatazama kwa makini. Mojawapo ni hili la viwanda vya rojo ya karatasi kugeuzwa kuwa viwanda vya mafuta.

Huko Ufini, mjini Lappeenranta, kampuni ya UPM ilianzisha mwaka 2015, kando ya kiwanda chake cha rojo, mtambo uliokusudiwa kutoa tani 100,000 za dizeli na mafuta mengineyo kila mwaka. Mafuta hayo hayachimbwi ardhini. Vipande vya msonobari vipikwapo kwa dawa ili kupata rojo, hubaki maji meusi, na juu yake huelea utando mzito kama sabuni. Utando huo huenguliwa na kutiwa asidi hata ukawa mafuta ghafi, nayo husafishwa kwa haidrojeni yakafaa kuendesha magari.

Hapana shaka kazi hii yastahili sifa. Lakini twauliza: mfanya kazi yuko wapi katika mageuzi haya? Siku hizi watu wengi wasoma habari katika simu, na karatasi ya magazeti haitakiwi kama zamani. Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Kaipola, na watu wapatao 450 wakapoteza kazi. Dizeli ya Lappeenranta haikuwaokoa.

Tarehe 1 Januari, 2022, wafanya kazi wake waligoma. Kampuni ilitaka kila tawi liwe na mkataba wake: rojo mbali, mafuta mbali, karatasi mbali. Mgomo ulidumu siku 112, ukaisha kwa mikataba mitano.

Sisi twasema hivi: kampuni yaweza kuyatenga matawi katika vitabu vya hesabu, lakini mtambo wenyewe umekwisha kuyaunga. Rojo isipopikwa, utando haupatikani. Utando usipopatikana, mafuta hakuna. Apikaye rojo ndiye amletea mwenziwe kazi. Basi wasikubali kutenganishwa, kwani utengano ni udhaifu.

Twayapokea mageuzi ya viwanda kwa mikono miwili. Lakini kabla ya lango la zamani kufungwa, mfanya kazi afundishwe kazi mpya, na chama chake kiwe mezani tangu siku ya kwanza. Mchumia juani hana budi naye kula kivulini.