Waganga wetu wasomeshwe: ni haki, si zawadi

Wandugu wa Goma, Bukavu, Bunia na kila mji wa Congo,

Leo tunaongea juu ya operesheni. Mama mwenye kuuza ndizi pembeni ya barabara akipasuliwa tumbo kwa njia ya zamani, analala ku hospitali siku mingi. Biashara inakufa, fakture inapanda. Sote tunajua batu wenye walipona lakini wakazuiwa ku hospitali juu hawana franga ya kulipa.

Kumbe kuna njia ingine. Muganga anatoboa matundu madogo, anajaza tumbo gazi, anaingiza kamera na vyombo vyembamba, anatumika akiangalia ku ekra. Mgonjwa wa mfuko wa nyongo, kwa mfano, anarudi nyumbani haraka. Hii si jambo ya jana: Erich Mühe aliifanya ku Ujerumani mwaka 1985. Miaka 40 imepita!

Wakubwa watatuambia: tutanunua mashini. Mashini bila mwenye kuijua ni chuma tu. Kazi hii haitoshi kuisoma ku kitabu. Hata muganga mwenye amekwisha kuwa spesialiste anapaswa kukaa tena miezi mingi, ao mwaka muzima, pembeni ya fundi mwenye kuizoea. Nani anamulipia? Leta iko wapi?

Tena wasituambie eti haiwezekani. Ku Panzi, Bukavu, Profesa Guy-Bernard Cadière alitoka Brussels na ekipe yake, akapasua pamoja na Daktari Denis Mukwege na kufundisha waganga wa pale. Mukwege mwenyewe alisomea Burundi, akaenda Angers, Ufaransa, kisha akarudi kutumika Lemera. Na ku Kigali, tangu 2023, kuna kituo cha IRCAD cha kufundisha upasuaji huu. Congo inapita Rwanda kwa ukubwa karibu mara 90. Kituo chetu cha leta kiko wapi?

Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Mwaka 2001, ku Abuja, wakubwa wa Afrika waliahidi kutia asilimia 15 ya bajeti ku afya. Ahadi ni deni.

Kwa hiyo tunaomba serkali:

1. Itoe bursi kwa waganga wa kila provinsi, kwa mashindano ya wazi, majina yatangazwe. Si kwa watoto wa wakubwa.
2. Mwenye kusomeshwa asaini kurudi. Na leta isaini pia: mushahara, vyombo na umeme vimungojee.
3. Mwenye kurudi afundishe wengine, ili kesho tusitume tena kila mtu inje.

Wandugu, muulize deputé wenu: bajeti ya afya ilienda wapi? Muulize leo, muulize tena kesho. Hatuombi zawadi. Franga ni yetu, na matumbo yenye kupasuliwa ni yetu.