Mbuzi Mmoja, Miaka 14?

Hapa Hewani mkulima na mfugaji hunywa mto mmoja, na mbuzi akiibiwa tuhuma hazikawii kuvuka kambi. Sheria ya Kenya nayo haimdharau mbuzi: wizi wa kawaida adhabu yake haizidi miaka 3 jela, bali wa mbuzi au ng'ombe yaweza kufika 14. Lakini huo ni upeo, si hukumu. Hakimu hutazama: je, mshitakiwa amekiri? Ni kosa lake la kwanza? Mali imerudi? Tena huweza kumtuma afisa wa probesheni aje kuuliza kijijini. Basi nasema, akitujia tusifiche kwa udugu, wala tusizidishe kwa chuki. Neno letu laweza kupunguza au kuongeza miaka ya mtu, nalo ni amana.