Mashambulizi ni Kazi ya Timu Nzima

Mkulima wa Marangu au Kibosho anaelewa kwamba maji ya mfereji hayafiki migombani ikiwa mmoja tu ameziba sehemu yake. Mashambulizi ya Taifa Stars hayana budi kufuata kanuni hiyo.

Januari 21, 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, Simon Msuva aliifungia Tanzania dakika ya 11 dhidi ya Zambia. Zambia ilibaki na wachezaji 10 kabla ya mapumziko, lakini Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Bao la pili, ambalo lingemaliza kazi, halikupatikana. Katika mechi 3 za kundi, bao lilikuwa hilo moja.

Kuwalaumu washambuliaji peke yao ni makosa. Mpango wa 4-3-3 ni maandishi matupu ikiwa mabeki wa pembeni hawapandi na viungo hawapeleki mpira mbele upesi. Ujasiri huo haujengwi kambini kwa majuma mawili, bali katika viwanja vya shule. Mwalimu wa Moshi asimkaripie beki mdogo anayethubutu kupanda. Amfundishe mwenzake kuziba pengo. Nao wenye dhamana wahakikishe kuwa mwalimu huyo ana mipira na vipindi vya michezo. Bila hivyo, Taifa litaendelea kungojea maji katika mfereji uliozibwa.