Sambazeni nyimbo zetu, lakini msifute majina

Kila nikitoa wimbo mpya, wasanii wenzangu huniuliza swali lile lile: mbona wautoa bure? Huwa haujapita siku mbili wimbo ushazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Mji wa Kale hadi Malindi, na aliyeutuma wa kwanza ni mimi mwenyewe. Wenzangu waona nawaharibia soko. Leo nataka kueleza msimamo wangu, kwa sababu jambo hili lahusu riziki ya kila mwanamuziki wa Pwani asiye na kampuni nyuma yake, na lawahusu pia nyinyi mnaotusikiliza.

Muziki wetu haukuwahi kuishi kwa kuuza nakala peke yake. Ni kweli kwamba maduka kama Mbwana Radio Service hapa Mombasa yalitoa taarabu nyingi za kusikilizwa majumbani. Lakini Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh walijengewa jina arusini. Watu waliweka redio zao karibu na jukwaa, wakarekodi usiku mzima, kisha kaseti ile ikatolewa nakala, na nakala nayo ikatolewa nakala. Msanii alikula kutokana na ujira wa arusi na tuzo za waliompelekea noti akiimba. Kaseti iliyotembea bure ndiyo iliyomletea mwaliko wa arusi nyingine. Kwa hivyo kijana anayenitumia wimbo kwa simu leo anafanya jambo ambalo babake alilifanya kwa kaseti.

Tena tuseme ukweli. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi yaliyotoka kwenye filamu za Kihindi, na wengine wengi walifanya hivyo. Pwani ni bandari. Muziki wake umekuja na majahazi na umeondoka nayo. Hakuna mwanamuziki hapa anayeweza kudai kwamba sanaa yake imekulia chumbani, mlango umefungwa.

Lakini kuna kitu ambacho wazee wetu hawakukubali kipotee, nacho ni jina la mtunzi. Washairi wengi wa zamani walitia majina yao au miji yao katika beti za mwisho, ndani ya shairi lenyewe, ili atakayelibeba shairi abebe na jina. Mashairi mengi aliyoimba Juma Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, na wasikilizaji walijua kwamba sauti ni ya huyu na maneno ni ya yule, Malenga wa Mvita. Nakala ilikuwa bure. Heshima haikuwa bure.

Hapa ndipo mtandao ulipotuharibia. Wimbo wapakuliwa, wakatwa kipande, watiwa chini ya video ya mtu anayeuza madera au anayeonyesha ufuo wa Diani, na jina halipo. Baada ya wiki, anayeupenda hajui amtafute nani. Mwaliko wa arusi hauwezi kumfikia mtu asiyejulikana. Hasara yangu haiko katika ile nakala, maana nakala niliitoa kwa mkono wangu. Hasara yangu ni ile simu ambayo haikupigwa.

Tunayo mifano mikubwa kuliko mimi. «Malaika» umeimbwa na Miriam Makeba pamoja na Harry Belafonte, na umezunguka dunia nzima. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, ndiye aliyeurekodi ukajulikana, lakini mpaka leo mabishano yapo, wengine wakisema mtunzi ni Adam Salim. Linganisheni na «Jambo Bwana» wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzia hapa Pwani, walioutoa mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. wa Ujerumani wakatoa toleo lao. Huo nao umebebwa na watu wengi, lakini mtu akiuliza ni wa nani, jibu lipo: Teddy Kalanda Harrison na wenzake.

Wako wanaosema dawa ni kuacha kugawa na kupeleka kila kitu kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki. Nami nimo humo, sikatai. Lakini tufanye hesabu. Spotify ilifika Kenya mwaka 2021. Haina bei maalum ya kila usikilizaji. Mapato huwekwa pamoja, kisha hugawanywa kulingana na sehemu ya kila mwenye haki katika usikilizaji wote. Tangu mwaka 2024 wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 hauhesabiwi kwenye mgao. Chukua msanii mwenye nyimbo 10, kila mmoja umesikilizwa mara 900 kwa mwaka. Hizo ni mara 9,000, na fungu lake ni sufuri. Kwa nyota wa Nairobi au Dar es Salaam kanuni hiyo ni kitu kidogo. Kwa mpiga udi wa Lamu ni mlango uliofungwa.

Sasa tazameni upande wa pili. Watu 200 wanaonijua kwa jina, kila mmoja akituma shilingi 50 kwa M-Pesa kwa sababu wimbo umemgusa, ni shilingi 10,000. Hapo hapana jukwaa linalokata fungu lake, wala kusubiri. Ndiyo tuzo ile ile ya arusini, ila noti yapita kwenye simu. Na haiwezekani kama jina langu na nambari yangu vimefutwa njiani.

Sheria yenyewe iko upande wetu zaidi ya tunavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, hata kama ameuza haki nyingine. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili kwa KECOBO si sharti, lakini ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Na marekebisho ya mwaka 2022 yalisema kwamba wimbo unaotumika kama mlio wa anayepigiwa simu umpe mwenye wimbo si chini ya asilimia 52. Vijana wetu wayajue haya kabla hawajatia saini karatasi yoyote.

Hata hivyo, lawama moja ya wenzangu naikubali ina uzito. Mimi mchana ni fundi wa friji na mashine za baridi. Kodi ya nyumba yangu hailipwi na udi. Naweza kuutoa wimbo bure kwa sababu jokofu la mtu limeharibika mahali fulani. Mwenzangu ambaye muziki ndio kazi yake ya pekee hana nafasi hiyo, na ukarimu wa mwenye mshahara usigeuzwe kuwa sheria kwa asiyekuwa nao. Mwenye wimbo ndiye wa kuamua kuutoa au kuuza. Akisema unauzwa, tununue au tunyamaze.

Kwa sababu hiyo hiyo, nakataa kupiga muziki bure kwa wenye biashara. Niliwahi kuambiwa na hoteli moja kwamba malipo yangu yatakuwa «kutangazwa» kwenye kurasa zao. Niliuliza kama mpishi naye atatangazwa. Kumpa jirani wimbo ni ukarimu. Kumpa mwenye hoteli kazi ya usiku mzima bila ujira ni kumpunguzia gharama zake tu, na msanii atakayekuja kesho ataambiwa, «Yule wa jana hakutaka pesa.»

Kuna kusambaza kwingine nisikokubali kabisa. Katika arusi zetu mama na dada hucheza wakiwa peke yao, wamevua mabuibui, wakiamini walioko ukumbini ni wanawake wenzao. Siku hizi simu moja yatosha kuwaanika mbele ya ulimwengu, na wimbo wangu ndio umepigwa juu ya aibu yao. Ruhusa ya kusambaza sauti yangu si ruhusa ya kusambaza mwili wa mtu. Ukiona video kama hiyo, usiipeleke mbele, hata ukiipenda nyimbo iliyomo.

Mwisho, maisha ya mtandaoni. Tunaambiwa msanii lazima aweke kitu kila siku la sivyo asahaulike. Taarabu yaanza na ala. Kinanda chazungumza kwanza, kisha shairi laja na mafumbo yake polepole. Video ya sekunde 15 humalizika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mimi nimejiwekea siku moja kwa wiki ya kuweka vitu mtandaoni, zilizobaki ni za mazoezi. Wafuasi wangu ni wachache kwa hilo. Lakini sijaona aliyeboresha ubeti kwa kuhesabu waliompenda.

Ombi langu kwenu ni dogo. Ukipeleka wimbo wa mtu, andika jina la mwimbaji na la mtunzi. Ukiutumia kwenye biashara yako, muulize na umlipe. Ukikugusa moyo, mtuze. Ukimwoza binti yako, mwite.