Tuwatunze Makocha Wangali Hai

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wapenzi wa kandanda hubishana kila anapofariki kocha mashuhuri. Jambo lenyewe ni hili: je, yale maua, skafu na jezi ambazo mashabiki huziweka kwenye milango ya uwanja ni heshima ya kweli, au ni desturi tu ya kumlilia mtu ambaye jana walikuwa wakimzomea?

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba huo ni unafiki mtupu. Wanasema kocha akishinda ni baba, akishindwa ni mchawi, na akifa ndipo anapokuwa malaika. Siwalaumu, maana maneno yao yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, naona wamelitazama jambo hili kwa upande mmoja tu. Ili nieleweke, nitatoa mfano wa marehemu Sir Bobby Robson wa Uingereza, aliyefariki tarehe 31 Julai, 2009, akiwa na umri wa miaka 76. Ni mfano unaofaa kwa sababu mzee huyo alipata yote mawili, kuzomewa na kuliliwa.

Kwanza nianze na hoja ya wale wanaosema unafiki. Ni kweli kabisa kwamba Robson alipokuwa kocha wa timu ya Taifa ya Uingereza, tangu mwaka 1982 hadi 1990, alizomewa katika uwanja wa Wembley, na magazeti ya kwao yalimwandama na kumtaka ajiuzulu. Mwaka 1986 timu yake ilitolewa na Argentina ya Maradona katika robo fainali ya Kombe la Dunia, katika mchezo ambao dunia nzima iliona bao likifungwa kwa mkono. Mwaka 1988 ilishindwa michezo yake yote mitatu katika fainali za Ulaya. Lakini mwaka 1990 kule Italia aliifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia, na wakatolewa na Ujerumani Magharibi kwa mikwaju ya penalti tu. Wale waliomtaka aondoke wakaanza kumpigia makofi wakati yeye amekwisha kukubali kazi ng'ambo.

Hata klabu ya nyumbani kwake, Newcastle United, ilimfanyia jambo ambalo mimi sikulipenda. Aliichukua mwaka 1999 ikiwa mkiani mwa ligi, na katika mchezo wake wa kwanza katika uwanja wa nyumbani ikaifunga Sheffield Wednesday mabao 8 kwa 0. Akaipandisha hadi nafasi ya 4 mwaka 2002, ya 3 mwaka 2003 na ya 5 mwaka 2004. Kisha uongozi wa klabu ukamfukuza mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2004, baada ya michezo minne tu ya msimu mpya. Nafasi ya 5 katika ligi ngumu kama ile ikaonekana si kitu.

Basi, ndugu msomaji, yaliyotokea alipofariki ni ya kuzingatia. Maelfu ya watu walikwenda katika uwanja wa St James' Park wakaweka maua, skafu na jezi mpaka sehemu ya viti ikageuka kuwa bustani. Kule Ipswich, mji ulio mbali sana na Newcastle, watu nao waliweka maua kwenye sanamu yake, kwa kuwa aliifundisha klabu ya mji huo kuanzia mwaka 1969 hadi 1982. Mwezi Septemba, ibada ya kumkumbuka ilipofanywa katika kanisa kuu la Durham, ilionyeshwa pia uwanjani St James' Park kwa wale wasiopata nafasi kanisani.

La ajabu zaidi ni kwamba kati ya jezi zile zilikuwemo za Sunderland. Msomaji asiyejua uhasama wa Newcastle na Sunderland afikirie tu watani wetu wa jadi hapa Dar es Salaam, kisha auzidishe kidogo. Shabiki wa Sunderland aliyebeba jezi yake na kwenda kuiweka katika uwanja wa mahasimu hakutumwa na mtu, wala hakulipwa posho. Mnafiki hafanyi kazi ya namna hiyo, kwa sababu haina faida yoyote kwake.

Sasa tujiulize, mapenzi hayo yalitoka wapi? Wengi watajibu kwamba ni vikombe. Jibu hilo si sahihi. Robson hakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza, na katika miaka yake mitano ya Newcastle hakuleta kikombe hata kimoja. Vikombe alivyochukua kwao ni vya Ipswich, yaani Kombe la FA mwaka 1978 na Kombe la UEFA mwaka 1981. Ubingwa wa ligi aliupata ugenini, mara mbili na PSV ya Uholanzi na mara mbili na Porto ya Ureno, na mwaka 1997 akaipa Barcelona Kombe la Washindi la Ulaya. Kama mapenzi yangekuwa yanapimwa kwa vikombe tu, watu wa Newcastle wasingekuwa na sababu ya kumlilia.

Mimi naamini walimlilia kwa sababu alikuwa mwenzao. Alizaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Durham, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, na yeye mwenyewe alipokuwa kijana alijifunza kazi ya umeme mgodini kabla ya kwenda kucheza mpira London. Alipokuwa mtoto baba yake alimpeleka St James' Park kutazama mpira. Kwa hiyo aliporudi kuifundisha timu ile hakuhitaji kuelezwa mashabiki ni watu gani na shilingi yao ya kiingilio wanaitoa jasho namna gani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Pia alikuwa mtu wa watu. Husimuliwa kwamba alikuwa hodari wa kusahau majina, hata siku moja akamwita nahodha wake Bryan Robson kwa jina la Bobby, na nahodha akamkumbusha kwamba Bobby ni yeye kocha mwenyewe. Mtu wa namna hiyo watu humcheka kwa mapenzi.

Lakini sababu kubwa ya kuandika barua hii si maua. Robson alipambana na ugonjwa wa saratani mara tano, kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Mwaka 2008, akiwa anajua kwamba safari hii hataweza kupona, yeye na mkewe walianzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo. Walikuwa wakitafuta pauni 500,000 kwa ajili ya kituo cha kujaribia dawa mpya katika hospitali ya Freeman mjini Newcastle. Fedha hizo zilipatikana katika muda wa wiki saba tu, na mwaka uliofuata kituo kikafunguliwa. Pamoja na matajiri, walichanga pia mashabiki wa kawaida, na mfuko ule umeendelea kukusanya mamilioni ya pauni hata baada ya mwenyewe kufariki.

Tena, tarehe 26 Julai, 2009, wachezaji wa zamani wa Uingereza na Ujerumani walirudia ile nusu fainali ya mwaka 1990 katika uwanja wa St James' Park ili kuchangia mfuko huo. Mashabiki wapatao 33,000 walihudhuria. Mzee Robson aliletwa uwanjani katika kiti cha magurudumu, akasalimiana na wachezaji, akausikia uwanja mzima ukimshangilia. Siku tano baadaye akafariki dunia. Ninasema hiyo ndiyo heshima iliyo kubwa kuliko sanamu waliyomjengea pale uwanjani mwaka 2012, kwa sababu sanamu haina masikio. Makofi ya siku ile aliyasikia mwenyewe.

Najua wako watakaonijibu kwa methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yaani kumsifu kocha angali kazini ni kumharibu. Nakubaliana nao kwa kocha aliye kazini. Huyo tumkosoe kwa heshima, maana ndiyo haki ya mtu aliyelipa kiingilio. Lakini mimi nazungumzia mgema aliyekwisha kushuka mnazini, amezeeka na hawezi kupanda tena. Huyo ukimsifu atalitia maji tembo lipi?

Hapo ndipo ninapotaka kuwageukia ndugu zangu wapenzi wa kandanda wa hapa nchini. Mtaani ninakoishi yuko mzee mmoja aliyefundisha vijana mpira kwa miaka mingi, bila mshahara, akitumia mipira ya kuazima. Vijana aliowalea wamecheza katika klabu kubwa. Leo magonjwa ya uzee yamemkalia, na wanaomtembelea ni majirani tu. Sina shaka kwamba siku akifariki gari la klabu litakuja, rambirambi zitasomwa, na viongozi watapigana vikumbo kushika jeneza. Nauliza, gari hilo lina ubaya gani likija leo kumpeleka hospitali?

Kwa hiyo basi, napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila klabu, iwe ya Ligi Kuu au ya wilaya, itenge siku moja kwa mwaka ya kuwaita uwanjani makocha wake wa zamani waliopo, wasalimiwe na watu kabla ya mchezo kuanza. Jambo hili halina gharama kubwa, ni viti vichache na kipaza sauti. La pili, sehemu ya mapato ya mlangoni ya siku hiyo iingizwe katika mfuko wa matibabu, na hesabu zake zibandikwe katika ubao wa matangazo wa klabu ili kila mwanachama azisome. Bila hesabu kubandikwa, mfuko utatoboka kabla haujajaa. La tatu, mashabiki wa timu pinzani nao waalikwe kuchangia, kwa sababu kocha aliyetufunga mara nyingi ndiye aliyetulazimisha tujifunze mpira. Kama shabiki wa Sunderland aliweza, sioni kwa nini sisi tushindwe.

Sisemi kwamba tuache maua na rambirambi. Msiba ni msiba, na kumzika mtu kwa heshima ni wajibu wetu. Ninachosema ni kwamba maua yapaswa kuwa hitimisho la kazi tuliyokwisha kuifanya. Watu wa Newcastle waliweza kuweka jezi zao chini na kulia bila aibu kwa sababu siku tano kabla walikuwa wamekwenda uwanjani kwa maelfu kwa ajili yake, na mwaka mmoja kabla walikuwa wamechanga. Uongozi uliomfukuza ndio uliobaki na deni.

Natumaini viongozi wa klabu zetu wataisoma barua hii, na wenzangu wenye maoni tofauti wataniandikia kupitia ukurasa huu huu. Mzee wa mtaani kwetu naye husomewa gazeti kila asubuhi. Ningefurahi kama majibu yangemkuta.

Mpenzi wa Kandanda,
Morogoro.