Ukuta ni wa Wawili: Nasaha kwa Wanaotengeneza Nyumba za Mji Mkongwe

  

Ndugu zetu katika imani, hivi karibuni tuliitwa kusuluhisha ugomvi wa majirani wawili katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja. Ghorofa ya juu anakaa kijana mwenye mke na watoto watatu. Chini yake anakaa bibi mjane ambaye ameishi katika vyumba hivyo tangu alipoolewa. Kijana alichoshwa na lipu inayomomonyoka na choo kibovu, akakusanya akiba yake ya miaka kadhaa, akaita fundi. Lipu kongwe ya chokaa ikabanduliwa, kuta zikapigwa saruji, choo kipya chenye marumaru kikajengwa katika chumba ambacho hakikuwa choo, na tangi la maji la lita 1,000 likawekwa kando yake. Kazi ilipendeza, na waliokwenda kumtembelea walimpongeza.

Zikapita masika mbili. Boriti za dari ya bibi zikaanza kupinda, ukuta wake ukatoa chumvi na madoa, na maji yakawa yanadondoka pale alipokuwa akitandika msala wake. Tulipofika, bibi alimwambia yule kijana maneno ambayo hatujayasahau: "Mwanangu, mimi sina ugomvi nawe. Ninachoogopa ni kuwa siku moja utashuka kwangu bila ya kupita ngazini." Kijana akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwastiri watoto wake, na wala hakuna aliyemweleza nyumba aliyokuwa akiikata imejengwa vipi.

Kwa kuwa tunajua kisa hiki si cha nyumba moja, tumeona tukizungumze katika ukurasa huu.

Kwanza tuijue nyumba yenyewe. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashikamanisha kwa chokaa na udongo. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yatulie. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo ikiwa ndefu mno, vyumba vikawa vyembamba, takriban mita 3 kwa upana, ingawa urefu wake huweza kuwa mkubwa. Kuta ni nene, na aghalabu ukuta mmoja hubeba boriti za nyumba mbili.

Kuta hizi hunywa unyevu wa ardhi, wa mvua na wa upepo wa bahari. Chokaa ina matundu madogo yanayouachia unyevu huo utoke. Saruji, ambayo aina yake ya kisasa ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, ni ngumu na hufunga njia hiyo. Ukuta uliopigwa saruji huonekana mkavu kwa nje, ilhali maji yamefungiwa ndani. Yakikosa pa kutokea hupanda juu au hugeukia upande wa pili, yakibeba chumvi, na yakifika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani huziozesha mahali ambapo jicho halioni. Ndiyo maana nyumba hizi huwa zimesimama leo, na kesho zikaanguka kwa kishindo.

Tena kuna uzito. Tangi la lita 1,000 likijaa hubeba kilo 1,000 za maji, yaani tani nzima juu ya miti ambayo huenda imetumika zaidi ya miaka mia moja. Ukiongeza zege, kokoto na marumaru, umeipa nyumba mzigo ambao mjenzi wake hakuukadiria.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la vibanda vya wanyonge tu. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba, 2020, wakati kazi za matengenezo zikiendelea, na watu wawili wakafariki dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ikiwa jumba lile lilifikia hapo, mwenye vyumba viwili na akiba ndogo hana budi kuwa na tahadhari zaidi.

Sasa tuangalie upande wa sheria ya dini yetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu hadhuru wala halipizi madhara kwa madhara, na wanazuoni wakajenga juu ya msingi huo kanuni kuwa kuondosha madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta maslahi. Wao hawakuisahau nyumba ya ghorofa. Katika vitabu vya fiqhi tunakuta milango inayozungumzia mwenye juu na mwenye chini, ukuta wa shirika, na mfereji unaomwagia kwa jirani. Mwenye juu ana haki ya kukaa juu, lakini hana haki ya kumbebesha mwenye chini kisichobebeka.

Amepokea Abu Hurayra (R.A.) katazo la Mtume (S.A.W.) kwa jirani kumzuia jirani yake kuegemeza mti katika ukuta wake. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya nguvu ya katazo hilo. Imam Ahmad ameliona ni la wajibu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika mwambao wetu, kauli yenye kutegemewa ni kuwa mwenye ukuta hashurutishwi, bali inapendeza aruhusu. Vivyo hivyo, mshirika hashurutishwi kutoa mali yake ili kuujenga upya ukuta wa shirika.

Huenda msomaji akafurahi hapo na kusema: "Basi silazimishwi." Tunamjibu kuwa kadhi anaweza kuishia hapo, lakini hesabu ya Akhera haiishii hapo. Pale ambapo hakimu hana nguvu ya kumlazimisha mtu, ndipo ucha Mungu wake unapojulikana. Tena kutolazimishwa kujenga si ruhusa ya kubomoa. Aliyefanya jambo kwa mkono wake likaharibu dari ya mwenziwe ana dhima nalo.

Wapo wanaotuambia: "Sheikh, chokaa ni ya polepole na mafundi wake ni wachache. Na huo uhifadhi ni wa watalii. Sisi tunataka kuishi." Hatuyadharau maneno haya. Ni kweli kuwa chokaa inataka subira, kwani hukauka na kuwa ngumu kwa kukutana na hewa, na kila tabaka lazima lingojewe. Ni kweli pia kuwa familia nyingi ziliingia katika nyumba hizi baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba zilipogawiwa chumba kwa chumba, na watu hawakupewa pamoja na ufunguo elimu ya kuzitunza. Na ni kweli kuwa nyumba nyingi za ukoo zimegeuka hoteli, na wenyeji wamehamia Ng'ambo na mashamba. Mji uliobaki na milango ya nakshi bila ya watoto wanaokwenda chuoni alfajiri umehifadhiwa kwa sura tu.

Lakini tutazame vyema. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi uliosaidiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ukakamilika mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Kibali kinachotakiwa kabla ya ujenzi huonekana kwa wengi kuwa ni usumbufu. Laiti yule kijana angekiomba, huenda mtaalamu angemzuia asiweke tangi pale, na akiba yake isingepotea. Aliyekwepa kibali ili kuokoa wiki chache amelipia choo kimoja mara mbili. Ama saruji, urahisi wake ni wa siku ya kwanza. Hesabu ya kweli ni ile inayofanywa baada ya masika kadhaa.

Kwa hivyo, nasaha zetu kwa anayetaka kutengeneza vyumba vyake ni hizi. Aanze juu na maji: paa, milizamu na mabomba, kabla ya rangi na marumaru. Asihamishe choo kukipeleka juu ya chumba cha kulala cha jirani. Kibaki juu ya choo cha chini, mabomba yashuke kwa njia moja. Tangi liwe chini, maji yapandishwe kwa pampu. Asikate ukuta wala boriti bila ya kumwita mjuzi. Palipobomoka chokaa, parudishwe chokaa. Na kabla ya nyundo ya kwanza, agonge mlango wa juu, wa chini na wa ubavuni, aeleze anachokusudia, na asikilize.

Hatuwezi kumaliza bila ya kuwageukia wenye madaraka na wenye mali. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na fiqhi iko wazi kuwa mapato ya wakfu hutangulizwa kwenye matengenezo yake kabla ya kugawiwa wanaonufaika nayo. Kodi ikikusanywa na paa likaachwa livuje, aliyeweka wakfu amedhulumiwa ndani ya kaburi lake. Warithi nao, wanaoacha nyumba ya babu bila ya kugawa wala kuteua msimamizi, wajue kuwa nyumba ya wote huishia kutotengenezwa na yeyote. Wakae kikao, waandikiane, wachangie kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Na wanaotoa vibali tunawaomba wawe wepesi kwa mnyonge, wamwelekeze badala ya kumtisha, kwani mtu akiogopa ofisi hujenga usiku.

Ama yule kijana na bibi, Alhamdulillahi, walipatana. Tangi limeshushwa, choo kimerejeshwa mahali pake, na fundi mzee amebadilisha boriti nne ambazo ncha zake zilikuwa zimekuwa kama unga. Kijana amebeba gharama kubwa zaidi kwa hiari yake, na watoto wa bibi wamechangia. Kuta bado zinabanduliwa saruji kidogo kidogo, kadiri fedha inavyopatikana. Bibi analala kwa dada yake hadi kazi itakapomalizika, na kila Ijumaa watoto wa kijana humpelekea chakula.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake, na atujaalie tuwe majirani ambao watu husalimika nao walio juu na walio chini. Wabillahi tawfiq.